Utepe wa Bi Saminem

Kwa miaka ishirini na sita Bi Saminem Kasandiredjo aliwaosha wanawake Waislamu waliofia Den Haag, Uholanzi, na katika kumi na minne ya mwisho mimi, Hafizan, ndiye niliyekuwa nikimshikia jagi la maji. Kwa hiyo nisemayo nayajua. Kwenye televisheni kila wiki hutokea bwana mmoja mwenye tai akasema Uislamu unataka hiki, Uislamu unakataa kile, nami hubaki namuuliza kwa sauti: Uislamu upi, baba? Mimi nimewaona hao Waislamu wamelala chali hawana hata pete, na jamaa zao wako nje mlangoni hawajakubaliana maji yawe ya moto kiasi gani.

Waturuki walitaka maji ya vuguvugu na hoja, yaani shehe wao, asome nyuma ya pazia. Wamoroko walikuja na mashangazi watatu, na kila shangazi mwalimu. Wasomali walikuwa wepesi: mkunazi, kafuri, sanda, kwisha, na walipotoka walikuwa wameshapanga nani atapika. Mabibi wa Kibosnia walinong'ona kuuliza kama rangi ya kucha itoke yote au ya mikono inatosha. Siku moja tulimwosha msichana wa Kiholanzi aliyesilimu. Mama yake, mtu wa kanisani, alisimama mlangoni ameshika sweta, akauliza kama anaweza kuvalishwa, maana mwanawe alikuwa hapatani na baridi. Mimi nilikwisha kufungua kinywa nimweleze habari za sanda. Bi Saminem aliipokea ile sweta, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya jeneza chini ya kichwa cha binti, kisha akaniambia nishike jagi na nifunge mdomo.

Wote walimwita yeye kwa sababu hakuwa wa upande wa yeyote. Mjava wa Surinami, koloni la zamani la Waholanzi kule Amerika ya Kusini, ni mtu mpole, msikiti wake mdogo, hana ubalozi wa kumsemea. Mimi mwenyewe ni Mhindi wa Surinami, na sisi tunajulikana kwa kelele, kwa hiyo nisingeweza kupewa kazi ile hata kwa bahati mbaya.

Habari ya utepe ilianza mwaka wangu wa pili naye. Majeneza ya siku hizi ni mbao nyepesi za mstatili, ncha hii na ncha ile sawasawa. Bibi mmoja wa Kibosnia alikuwa ameteremshwa kaburini tayari pale imamu alipouliza kichwa kiko wapi. Mturuki akasema huku, Mmoroko akasema kule, na mvua inanyesha. Ikabidi jeneza litolewe na kufunguliwa mbele za watu, ikaonekana marehemu amelazwa mgongo ukiwa upande wa Makka. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alilia kwa aibu. Wiki iliyofuata Bi Saminem alinunua utepe wa kijani, na tangu siku hiyo kila jeneza lililotoka chumbani mwetu lilikuwa na kipande cha utepe kwenye mpini wa upande wa kichwa. Palipo na utepe ndipo penye kichwa. Hakuna jeneza lililofunguliwa tena, na jiwe la kaburi lilisimamishwa hapo hapo ulipokuwa utepe.

Nyumbani aliishi na dada yake Ngatinah, ghorofa ya nne, lifti inayofanya kazi ikipenda. Wote wawili wajane, wote wawili hawakujaliwa mtoto. Saminem alikuwa na miaka sabini na minne, amestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Ngatinah alikuwa na themanini na mitatu na ulimi wa miaka ishirini. Saa ya sala ikifika walitandika mikeka sebuleni wakapeana mgongo. Saminem alielekea kusini mashariki, iliko Makka kwa mtu aliye Uholanzi, na huko ndiko jikoni kwao. Ngatinah alielekea dirishani, magharibi.

"Mtazame huyu," Ngatinah aliniambia mchana mmoja nilipokwenda kula supu ya saoto, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Mwanamke mzima anasujudia friji."

"Heri friji, lina chakula," Saminem akajibu huku akikunja mkeka. "Wewe unasujudia maegesho ya magari."

"Nyuma ya magari kuna bahari."

"Na nyuma ya bahari?"

"Surinami. Na kaburi la baba."

"Na nyuma ya baba?"

"Java, we! Na ukinyoosha tu bila kusimama, na Makka utaifika. Dunia ni duara, mdogo wangu, shule ulikwenda kula tempe? Mimi sikupotea. Nimechukua njia ndefu tu."

Nilicheka mpaka supu ikanipalia. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kule Java, Makka iko magharibi, na baba yao alikua akisali magharibi kama kila mtu. Kisha akatia alama ya kidole kwenye mkataba wa miaka mitano wa kukata miwa, akapandishwa meli, akashushwa Surinami, upande wa pili wa dunia, ambako Makka iko mashariki. Alielezwa hivyo na Wahindi, yaani babu zangu, tena bila adabu nyingi. Akasema anajua. Akasema yeye ni msafiri, ameahidiwa meli ya kurudi, na hatageuza uso mpaka afike nyumbani. Meli haikuja, au ilikuja akiwa na watoto sita na homa, sijui, kila mtu alikuwa na lake la kusimulia. Alizikwa kule kule penye miwa, uso magharibi.

Saminem aligeuka alipoolewa. Mumewe Moestadja alikuwa wa wale vijana waliosoma ramani na kusema wazee wanakosea. Baba hakumsemesha binti yake miaka miwili. Ngatinah ndiye aliyekuwa akivuka mfereji na chakula kwenye kikapu, anamwachia mdogo wake mlangoni, anamwita msaliti, kisha anaingia ndani kumsaidia kufua. Walivyokuwa wakati ule ndivyo walivyobaki.

Figo za Ngatinah zilianza kumshinda mwaka ule kabla ya masika ya Ulaya, yaani majira ambayo miti haijaamua kama iko hai. Nilikuwepo siku aliposema. Alikuwa ameketi kitandani, bakuli la supu mapajani.

"Mnilaze kama baba," alisema.

"Dada, kula."

"Nimekula. Uso magharibi, Sami."

"Makaburi yote pale yanatazama upande mmoja, unajua. Yalipimwa kwa kamba."

"Yatazame. Mimi nitatazama kwangu. Au sasa utaniambia huna uwezo? Wewe ndiye mwenye utepe."

Bi Saminem aliondoa bakuli, akaenda jikoni, akafungua bomba likamwagika muda mrefu bila kuosha kitu. Dada yake alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu Saminem akasema, "Haya." Alilisema kama mtu anayepokea gunia mgongoni.

Lakini hakutaka kuiba. Alitaka kuomba kwanza, na mtu wa kuombwa alikuwa Haji Lahcen, Mmoroko, mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya misikiti yote. Mzee yule alikuwa mchomeleaji wa meli zamani, na mabega yake bado yalikuwa ya kazi hiyo. Kila jeneza lililoingia sehemu yetu, yeye ndiye aliyeshika upande wa utepe. Alisema mkuu wa nyumba hubeba kichwa. Tulimkuta penye lango la makaburi, anafagia majani ambayo hakuna aliyemtuma kuyafagia.

"Haji, nina ombi, na si dogo," Bi Saminem alianza, akamweleza lote, hata la friji.

Haji Lahcen hakucheka. Aliegemeza ufagio ukutani.

"Bi Saminem, ningekuwa na kaburi uani kwangu ningempa dada yako, wallahi. Lakini hapa? Nilipokuja, wafu wetu walilazwa kufuata njia ya baiskeli. Walikuwa wanatazama duka la maua! Miaka tisa nimewaandikia barua watu wa halmashauri. Wakaniambia, bwana, wafu hawana macho. Miaka tisa!" Alivuta pumzi. "Sisi tunagombana Idi ni lini. Tunagombana nyama. Mturuki hasali nyuma yangu, nami namwona Mpakistani anavyofunga mikono, nanyamaza. Hili la kutazama pamoja tukifa, ndilo pekee tulilokubaliana. Hili tu. Nikimgeuza mmoja, halmashauri watasema, kumbe haikuwa lazima."

"Ni mzee mmoja tu, Haji."

"Najua. Naye aliyenifungua macho kuhusu utepe ni wewe. Usiniombe, dada yangu. Nachoka kukataa."

Nilimkasirikia mzee yule njia nzima, ndani ya tramu, na nilizidi kukasirika kwa sababu alikuwa na haki. Bi Saminem alitazama dirishani. "Amesema kweli," aliniambia. "Ndiyo maana siwezi kumchukia. Ingekuwa rahisi kumchukia."

Ngatinah alifariki Jumanne alfajiri hospitalini, mdogo wake akiwa ameshika mguu wake, kwa sababu mikononi palikuwa na mipira ya dawa. Alhamisi asubuhi tulimwosha. Nimewaona wengi wakishindwa kuosha ndugu zao, wakaishia kukaa nje na shali usoni. Bi Saminem aliosha yote mwenyewe. Upande wa kulia, upande wa kushoto, nywele akazigawa mafungu matatu akazisuka. Alimsemesha muda wote, kwa Kijava, na yale machache niliyoyaelewa yalikuwa matusi ya mapenzi. Tukamvika sanda, tukamlaza ubavu wa kulia ndani ya jeneza, tukamkinga mgongo kwa nguo zilizokunjwa asije akabiringika. Tukafunga kifuniko.

Kisha akatoa utepe mfukoni, akasimama nao.

Chumba kile kina saa ya ukutani yenye kelele. Niliisikia vizuri siku hiyo.

"Hafizan, toka nje uangalie kama gari limefika."

"Gari limefika tangu saa nne, Bi Saminem."

"Basi geuka."

Niligeuka. Niliutazama ukuta, vigae vyeupe, kimoja kina ufa. Nyuma yangu nilisikia hatua zake: alikwenda upande wa kichwa, akasimama, akarudi, akasimama tena. Alikwenda na kurudi mara tatu au nne. Nilitaka kumwambia afunge kokote lakini afunge, niliumia kumsikiliza. Nilipogeuka, utepe ulikuwa kwenye mpini wa upande wa miguu, kifundo kizuri kama vyote alivyowahi kufunga. Jeneza likishushwa hivyo, Ngatinah angeipa Makka mgongo na kutazama njia yake ndefu.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Nimeona ukuta."

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wale wote ambao mama zao alikuwa amewaosha walikuja: Wasomali wamesimama na Wasomali, Waturuki na makoti yao meusi, hata yule mama wa sweta, peke yake karibu na ua wa miti. Haji Lahcen alishika upande wa utepe kama kawaida. Wakainua.

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mzee huyu alikuwa amebeba mizigo ya wenzake miaka mingi, na mabega yake yalijua uzito wa kichwa na uzito wa miguu. Alipiga hatua tatu akasimama. Wenzake nyuma wakajikwaa. Alimgeukia Bi Saminem, ambaye alikuwa amesimama nami penye kokoto.

"Bi Saminem," aliita, si kwa ukali. "Utepe uko sawa?"

Watu wote walimtazama. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi na bado unanuka kafuri. Nilijua kwamba akisema kweli, jeneza litageuzwa pale pale, hakuna atakayemgombeza, na dada yake atalala kama wengine, kinyume na neno alilopewa akiwa hai.

"Uko sawa, Haji," alisema.

Haji Lahcen alimtazama kidogo. Kisha akawaambia waliokuwa nyuma yake, "Bi Saminem kasema uko sawa. Twendeni." Wakamteremsha, wakafukia, na mwezi mmoja baadaye jiwe la Ngatinah likasimamishwa palipokuwa na utepe, yaani miguuni pake, na lipo hapo hadi leo.

Nyumbani wazee wa Kijava wanaosali magharibi walifukiza ubani wakapakua wali, na wale wanaosali mashariki, ambao huiita karamu hiyo uzushi, walikula wakamaliza sahani. Bi Saminem hakula. Jumatatu iliyofuata walipiga simu kutoka msikiti wa Waturuki, kuna bibi amefariki. Nilikuwa kwake. Alisikiliza, akatoa pole, akasema, "Sioshi tena." Akakata.

"Una wazimu?" nilimwambia. "Nani ataosha?"

"Nimechoka, Hafizan."

"Sote tumechoka. Tangu lini kuchoka kumekuwa sababu?"

Alinyoosha mikono yake mezani, ile mikono iliyopauka kwa maji ya wafu na sabuni ya hospitali. "Mtu anapompoteza mama yake anakuja kwangu hajui kitu. Anatazama utepe, anaamini. Mkono uliofunga vile siku ile hauwezi tena kumfungia mama wa mtu."

"Hakuna anayejua!"

"Haji anajua."

"Haji kakuamini."

"Ndilo hilo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia, bila sauti, machozi yakishuka tu kwa uchovu. Nilikuwa na maneno mengi, na mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini nilikwenda kuchemsha chai.

Kwa hiyo yule bibi wa Kituruki nilimwosha mimi, na waliofuata, nikishikiwa jagi na mpwa wangu anayeongea kuliko mimi. Utepe nilinunua wangu. Haji Lahcen hakuniuliza chochote. Mara moja tu, tukiwa tunangoja gari, alisema, "Msalimie Bi Saminem. Mwambie mabega yangu yanazeeka, siku hizi hayapimi vizuri." Nilimfikishia. Alitikisa kichwa.

Siku ya arobaini ilipopita aliniomba nimsindikize makaburini, ofisini, akajiwekee nafasi yake. Karani wa pale, Wilma, alitufungulia ramani mezani. Ngatinah alikuwa ameanzisha safu mpya, na pande zake zote mbili zilikuwa bado wazi.

"Huu wa njiani ni mzuri zaidi," Wilma alisema kwa wema. "Wageni hawakanyagi tope."

"Nataka upande wa ua wa miti."

"Mama, pale majani huanguka sana. Na kivuli."

"Ule wa ua, binti yangu."

Wilma akanitazama mimi nimshauri bibi yangu. Nami nilikuwa tayari kumshauri, maana nilishajiona kila vuli nikiokota majani yale yaliyolowa. Nilianza kubishana naye tulipotoka, nikaendelea hadi penye kaburi. Aliniacha nimalize. Kisha akasimama kwenye ule uwanja mtupu upande wa ua, penye nafasi yake.

"Mimi nitalazwa kama wote," alisema. "Uso kusini mashariki. Nielekee wapi, Hafizan? Nionyeshe."

Nilinyoosha mkono kuelekea Makka. Mkono wangu ulipita juu ya kaburi la Ngatinah.

"Na yeye anatazama wapi?"

Ilinichukua muda. Nililitazama jiwe lililosimama miguuni pake, nikamgeuza marehemu kichwani mwangu, nikamlaza ubavu wake wa kulia kama tulivyomlaza. Uso wake ulikuwa upande wa ua, umeelekea pale pale alipokuwa amesimama mdogo wake. Angechagua upande wa njia, wangepeana migongo milele.

"Miaka hamsini na tano tangu nigeuke," Bi Saminem alisema. "Nimesali naye chumba kimoja, sijawahi kuuona uso wake akisali."

Alitoa mfukoni mwa koti utepe wa kijani, ule wa zamani, uliobaki kipande, akanitia mkononi akanikunja vidole juu yake.

"Mimi usinigeuze," alisema. "Mimi nifungie kichwani."